Vena za shingo na ugonjwa wa MS: jibu kwa dada anayemuuguza mdogo wake

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 34, na huu ni mwaka wa sita tangu aambiwe ana ugonjwa wa MS. Siku hizi anashinda akitazama video za wagonjwa wenzake waliozibuliwa mishipa ya shingo. Wengine wanaonekana wakitembea bila fimbo. Alikwenda kupiga altrasaundi ya shingo, na ripoti inasema vena ya kushoto imebana. Kliniki moja ya nje ya nchi imemwahidi kuipanua kwa puto, na ikibidi kumwekea stenti, kile kijibomba cha waya cha kuushikilia mshipa ubaki wazi. Anasema hiyo ndiyo tiba yenyewe, ila madaktari wanaificha ili kampuni za dawa zisikose soko. Ana miezi minne hajachoma sindano zake. Familia imeshaanza kuchanga. Naomba ukweli, na unisaidie: nimwambie nini?

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuuguza. Nianze na lile unalolisubiri: asiende. Vena hiyo ya shingo, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, haikumletea MS, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa neva za ubongo na uti wa mgongo, na kuipanua hakutamwondolea MS. Usidhani nadharia hiyo ilipuuzwa bila kuangaliwa. Imeangaliwa sana, katika nchi nyingi, na miongoni mwa walioipima yumo yule yule aliyeianzisha. Jibu langu litakuwa refu, kwa sababu mdogo wako hatakubali "hapana" iliyokatwa juu kwa juu, na ana haki ya kupewa maelezo.

Ila kuna jambo haliwezi kungoja hadi mwisho wa barua hii, nalo ni hizo sindano. Hukutaja jina la dawa yake. Zipo dawa za MS ambazo mtu akiziacha ghafla, ugonjwa humrudia kwa kishindo kuliko ulivyokuwa mwanzo. Natalizumabu na fingolimodi zinajulikana sana kwa hilo. Hata kama yake ni interferoni, ambayo haina tabia hiyo, miezi minne bila dawa ni miezi minne ya kuuachia ugonjwa mlango wazi. Wiki hii, si mwezi ujao, ampigie simu daktari wake wa mishipa ya fahamu na amwambie wazi kwamba aliacha. Asione haya. Sisi madaktari tunakutana na wagonjwa walioacha dawa kila siku; anayetutia hofu ni yule anayetuficha.

Sasa turudi kwenye shingo.

Habari hii ilianzia Ferrara, Italia. Paolo Zamboni ni daktari wa upasuaji wa mishipa ya damu katika chuo kikuu cha mji huo, na alikuwa amefanya utafiti mwingi juu ya miguu ya watu ambao vena zao zimeshindwa kurudisha damu juu. Damu ikituama mguuni, shinikizo hupanda, chembe nyekundu huvuja na kuingia kwenye ngozi, na madini ya chuma yaliyomo ndani ya chembe hizo hubaki pale yakichochea uvimbe. Ngozi ya kifundoni hugeuka rangi ya kahawia, inakuwa ngumu, na mwishowe hufunguka kidonda kinachokataa kupona. Kisha mke wake mwenyewe akapatikana na MS. Zamboni akajiuliza swali ambalo mume yeyote mwenye ujuzi ule angejiuliza: je, yanayotokea mguuni hayawezi kutokea kichwani? Damu ikikwama njiani inapotoka kwenye ubongo, si nako chuma kitavuja, na kinga ya mwili itaamka kushambulia?

Namheshimu kwa swali hilo. Tena halikuanguka kutoka hewani. Mwaka 1863 Mjerumani Georg Rindfleisch alitazama kwa hadubini ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa huu, akaona kwamba katikati ya madoa, yaani sehemu zilizoharibiwa na ugonjwa, hupita kimshipa cha damu. Katika miaka ya 1930, Tracy Putnam wa Marekani alidhani vimshipa hivyo vinazibwa na damu iliyoganda, na baadaye wagonjwa wakajaribiwa kwa dawa za kuzuia kuganda. Tiba hiyo iliachwa kwa kukosa manufaa. Leo MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, inatuonyesha kile kimshipa katikati ya doa kwa mtu aliye hai, na tunakitumia kututhibitishia kwamba doa ni la MS, si la ugonjwa mwingine. Chuma nacho kipo katika ubongo wa wagonjwa wengi wa MS. Kwa hiyo anayesema "vena zinahusika" hajakosea kabisa. Zinahusika. Suala ni zinahusika vipi, na ni vena zipi.

Kwa tunavyojua sasa, vimshipa vile vidogo ni mlango. Chembe za kinga zilizopotoshwa, zinazouona utando wa neva kuwa adui, husafiri ndani ya damu, na mahali zinapopenyea kuingia kwenye ubongo ni kwenye kuta za vimshipa hivyo. Zikishapenya, hushambulia mayelini, ule utando unaozifunika neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Ndiyo maana doa hujijenga kukizunguka kimshipa. Kuzibua bomba kubwa lililoko shingoni hakufungi mlango huo.

Zamboni aliona bomba. Hali aliyoieleza aliipa jina refu ambalo kwa Kiswahili ni kama udhaifu sugu wa vena za ubongo na uti wa mgongo. Ulimwenguni inajulikana kwa herufi CCSVI, na mdogo wako bila shaka anaijua. Aliweka vigezo vitano vya altrasaundi, kama vile damu kurudi nyuma kwenye vena, vena kuwa nyembamba, au mtiririko kutoonekana kabisa. Mtu akikutwa na viwili kati ya vitano, ana CCSVI. Mwaka 2009 alitoa matokeo ya wagonjwa 65 wa MS na watu 235 wasio nao. Wenye MS wote walikuwa na CCSVI. Wasio na MS, hakuna hata mmoja.

Soma tena sentensi hizo mbili na mdogo wako. Wote, na hakuna hata mmoja. Katika tiba hatuoni mgawanyo safi namna hiyo. Hata kipimo kizuri kabisa cha ugonjwa unaojulikana vizuri kina watu kinaowakosa na watu kinaowasingizia. Wataalamu wengi walipoyaona matokeo yale waliingiwa na shauku na shaka kwa pamoja. Mwaka huo huo Zamboni akaeleza jinsi alivyowapanua vena wagonjwa 65 kwa puto. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kila mtu alijua amefanyiwa nini, na karibu nusu ya waliopanuliwa vena za shingo, asilimia 47, vena zao zilibana tena. Novemba mwaka huo televisheni moja ya Kanada ikarusha kipindi kuhusu jambo hili, nchi ambayo ni miongoni mwa zenye wagonjwa wengi zaidi wa MS duniani kwa idadi ya watu wake, na tiba ile ikaitwa ya ukombozi. Fikiria neno hilo linavyopenya moyoni mwa mtu ambaye mguu wake umeanza kuburuta. Maelfu walisafiri kwenda Poland, India, Meksiko na kwingineko kuifuata.

Hapa naomba ukae na mdogo wako mfanye jambo moja jioni ya leo. Mwambie alale chali bila mto, na utazame upande wa shingo yake. Mara nyingi utaona vena imejaa chini ya ngozi, imetuna. Sasa aketi wima. Itanywea, itapotea. Vena kubwa iliyo ndani zaidi, ambayo huwezi kuiona kwa macho na ndiyo inayozungumzwa hapa, nayo hufanya hivyo hivyo. Damu ya ubongo, karibu robo tatu ya lita kila dakika, mtu akilala hupita zaidi kwenye vena za shingo. Akisimama, vena hizo hunywea na damu hupitia vijia vingi vinavyozunguka uti wa mgongo. Mwili una njia nyingine za kutosha. Wapo wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo wanaokatwa vena ya shingo katika upasuaji, mara nyingine zote mbili. Baadhi yao huvimba uso kwa muda, na upasuaji wa pande zote mbili una hatari zake. MS haiwapati kwa sababu hiyo. Hoja hii peke yake ingetosha kuitikisa nadharia yote.

Nami nikishika kifaa cha altrasaundi na kukiweka shingoni mwa mtu, ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, naiona kama duara imara linalodunda. Vena iliyo kando yake ni laini, mara nyingi hata si duara, ina umbo la tone. Nikiongeza uzito wa mkono kidogo tu, kiasi ambacho mgonjwa hata hakihisi, vena inajikunja na kuwa mstari. Nikiongeza tena, imetoweka. Nikiachia, imerudi. Akigeuza kichwa upande, inabana. Akivuta pumzi ndefu, inanywea. Akiwa hajanywa maji tangu asubuhi, ni nyembamba kuliko jana. Sasa mwambie mtu ajaze fomu ya vigezo vitano kwa kutazama kitu cha namna hiyo, huku akijua kwamba aliyelala mbele yake ana MS na amekuja akitumaini kuambiwa vena imeziba. Simshutumu mtu kwa udanganyifu. Mkono hufuata macho, na macho huona yanachotarajia.

Ndiyo sababu ripoti ya mdogo wako haikunishtua. "Vena ya kushoto imebana" ni maneno ambayo yangeweza kuandikwa juu yako, au juu yangu. Vena ya kushoto kwa kawaida huwa nyembamba kuliko ya kulia kwa watu wengi.

Watafiti wengine walipoingia kazini, ule mgawanyo safi ulivunjika. Kundi la Berlin mwaka 2010 liliwapima wagonjwa 56, na halikupata hata mmoja aliyetimiza vigezo. Kule Buffalo, Marekani, kwa wataalamu waliokuwa wameshirikiana na Zamboni mwenyewe, walipimwa watu 499: asilimia 56 ya wenye MS walikuwa na CCSVI, lakini pia karibu asilimia 23 ya wazima, na asilimia 42 ya wenye magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu. Kisha Waitaliano wenyewe wakafanya utafiti mkubwa kuliko yote, uliotoka mwaka 2013. Walipima watu 1,767 katika vituo vingi, na picha zikasomwa na wataalamu wasiojua nani mgonjwa na nani mzima. CCSVI ilionekana kwa asilimia 3.26 ya wenye MS, asilimia 3.10 ya wenye magonjwa mengine ya fahamu, na asilimia 2.13 ya wazima. Kutoka asilimia 100 hadi asilimia 3, katika nchi ile ile.

Utafiti ninaoupenda zaidi, na ambao ningependa mdogo wako aujue hata kama atasahau mingine yote, ulifanyika Kanada na kutoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2013. Anthony Traboulsee na wenzake hawakuridhika na altrasaundi. Waliingiza katheta, mrija mwembamba, ndani ya vena, wakapiga dawa ya rangi na kutazama kwa eksirei, njia ambayo haidanganywi na uzito wa mkono. Waliwachukua wagonjwa 79 wa MS, ndugu zao wazima 55, na watu 43 wasio na undugu nao. Vena zilizobana zaidi ya nusu zilikutwa kwa asilimia 74 ya wagonjwa. Kwa ndugu zao ilikuwa asilimia 66. Kwa wale wengine, asilimia 70.

Unaona, dada? Watu saba kati ya kumi wanaotembea barabarani wakiwa wazima wana vena zenye kubana kama yake. Kliniki haikumdanganya iliposema vena imebana. Ilinyamaza tu juu ya shingo za watu wengine.

Nadhani hata hapo mdogo wako atasema: sawa, labda kipimo kina matatizo, lakini watu waliopanuliwa walipata nafuu, nimewaona. Hilo ndilo swali lenye uzito kwake, na haifai kulijibu kwa kusema watu wale wanaigiza. Wengi hawaigizi. Uchovu ulipungua kweli, mikono ilipata joto, walilala vizuri. Kinachogomba ni chanzo cha nafuu hiyo.

Ili kukijua, ilibidi kufanyike majaribio ambayo mgonjwa hajui kama amepanuliwa. Wote wanalazwa kwenye meza ile ile, wanachomwa ganzi kinenani, katheta inapita kwenye vena ya paja hadi shingoni, wanasikia sauti zile zile za mashine. Baadhi wanajaziwa puto; wengine hawajaziwi. Wanaowapima miezi inayofuata nao hawaambiwi nani ni nani. Watu wengine huliona jambo hili kuwa la kikatili. Mimi naliona ni heshima kubwa ambayo wagonjwa wale waliwafanyia wenzao, akiwemo mdogo wako, kwa kukubali kutojua.

Jaribio la kwanza la namna hiyo, la Buffalo mwaka 2014, lilikuwa dogo, watu kama 20. Waliopanuliwa hawakupata faida, na picha za MRI ziliwafanya watafiti waonye kwamba huenda kupanua huko kunauchochea ugonjwa. Kanada walifuata na wagonjwa 104. Baada ya karibu mwaka mzima hapakuwa na tofauti kati ya makundi mawili. Na Italia, Zamboni mwenyewe akaongoza jaribio lililoitwa Brave Dreams, wagonjwa 130, matokeo yakatoka mwaka 2017. Walipima mwendo, uwezo wa kusimama bila kuyumba, wepesi wa mikono, kibofu na macho. Kwa wenye MS ya kuja na kuondoka, waliopata nafuu kwa kipimo hicho cha jumla walikuwa asilimia 41.7 ya waliopanuliwa, na asilimia 48.7 ya wale ambao puto halikujazwa.

Karibu nusu ya watu ambao vena zao hazikupanuliwa walipata nafuu iliyopimika. Nafuu yao ilikuwa ya kweli. MS ya aina hii hupanda na kushuka yenyewe. Mtu hutafuta tiba akiwa chini, na baada ya kuwa chini mara nyingi hufuata kupanda. Matumaini humfanya mtu afanye mazoezi, alale, atoke nje. Kupimwa kila mara na watu wanaomjali ni msaada pia. Video hupigwa wiki ya pili, na mwezi wa kumi na nne hakuna anayeshika kamera. Baada ya matokeo yale, Zamboni na wenzake waliandika kwamba tiba hiyo haiwezi kupendekezwa kwa wagonjwa wa MS. Mtu aliyeanza safari kwa sababu ya mkewe, akaona matokeo yanakwenda kinyume na tumaini lake, na akayachapisha: ningependa madaktari wengi zaidi wawe hivyo.

Kuhusu hatari, puto lenyewe kwa wengi halina madhara makubwa, na sitakutisha kwa yasiyokuwepo. Stenti ni hadithi nyingine. Stenti zinazotumika zilitengenezwa kwa mishipa ya aina nyingine. Ateri hupungua upana kadiri inavyoelekea mbele, kwa hiyo stenti ikiteleza hukwama. Vena ya shingo huongezeka upana kadiri inavyoshuka kuelekea moyoni, na ukuta wake ni laini, unanyumbuka kila mtu anapogeuza kichwa. Stenti ikichomoka, hakuna cha kuizuia isifike moyoni. Imetokea Marekani, mgonjwa akafunguliwa kifua ili itolewe. Mwingine alikufa kwa kuvuja damu kwenye ubongo akiwa kwenye dawa za kuzuia kuganda, dawa ambazo mtu mwenye stenti hulazimika kuzitumia. Mei 2012 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari rasmi iliyotaja vifo, kiharusi, stenti kuhama, mabonge ya damu na neva za kichwani kuumia. Na ukifanyiwa mbali, ukarudi nyumbani na shingo imevimba, daktari wa kwenu hajui kilichowekwa mle ndani wala kwa ukubwa gani. Kama mtashindwa kumzuia, basi angalau stenti asikubali kabisa.

Lile la madaktari kuficha tiba nalijibu kwa kifupi. Mwaka 2010 vyama vya wagonjwa wa MS vya Marekani na Kanada vilitoa zaidi ya dola milioni 2.4 kwa tafiti saba za CCSVI, na majaribio ya Kanada na Italia yalitumia fedha za umma. Hiyo si namna ya kuficha kitu. Tena kuna mfano wa upande wa pili. Rituksimabu ni dawa ya zamani ya saratani ya damu, haki zake za kampuni zimekwisha, na haikuwahi kusajiliwa na kampuni yake kwa ajili ya MS. Madaktari wa Uswidi waliona inafaa, wakaitumia kwa maelfu ya wagonjwa, wakaipima, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ugonjwa huu, pamoja na kladribini na glatirama. Kitu kikifanya kazi, hata kama hakimtajirishi mtu, wapo watu watakaokipigania.

Na hapa ndipo ninapoumia ninaposoma barua yako. Miaka ile watu walipopigania puto, mtu angeweza kusema hakuna cha maana cha kupoteza. Interferoni, dawa ya kwanza, ilikuja mwaka 1993, na ilipunguza mashambulizi kwa takriban theluthi moja tu. Leo hali si hiyo. Okrelizumabu, rituksimabu na ndugu zake huondoa zile chembe B za kinga, na wagonjwa wengi wanaopewa mapema hukaa miaka bila doa jipya kwenye MRI. Tumejua pia, kutokana na utafiti wa mwaka 2022 wa wanajeshi zaidi ya milioni kumi wa Marekani, kwamba mtu akiambukizwa virusi vya Epstein-Barr, uwezekano wake wa kupata MS hupanda mara 32. Chanzo kinasakwa upande wa virusi na kinga, na tiba zinazofanya kazi zote zinagusa kinga. Hakuna hata moja inayogusa vena za shingo.

Sasa, umeniuliza umwambie nini. Usianze na tarakimu zangu, na usimwambie amedanganywa. Mwulize kwanza ni kitu gani hasa anachotaka kirudi: ni mguu, ni uchovu, ni kibofu, ni kazi yake? Mara nyingi anayekimbilia tiba ya mbali ana dalili moja inayomtesa ambayo hakuna aliyeishughulikia, kwa sababu kila miadi tunazungumza juu ya dawa na picha na kumsahau mtu. Kama ni mguu unaoburuta, upo msaada wa mazoezi tiba, kifaa cha kushikilia wayo, na kidonge cha fampridini kinachowasaidia baadhi ya wagonjwa kutembea haraka zaidi. Kama ni misuli kukakamaa au kibofu, zipo dawa. Uchovu ni mgumu zaidi, lakini hata huo una njia zake, kuanzia usingizi na mazoezi hadi kuangalia kama kuna sonona iliyojificha nyuma yake. Akieleza, andika kwenye karatasi kwa maneno yake mwenyewe, na muipeleke karatasi hiyo kwa daktari.

Mkifika kwa daktari, ulizeni mambo mawili. La kwanza: je, sindano alizokuwa akitumia zilikuwa zikifanya kazi, au alihitaji dawa yenye nguvu zaidi tangu mwanzo? Sishangai kijana wa miaka 34 aliyeona hali ikiteremka huku anachoma sindano akipoteza imani nazo. Huenda alikuwa na haki ya kubadilishiwa muda mrefu uliopita. La pili: MRI yake ya mwisho ilipigwa lini, na mpya itapigwa lini? Kabla ya kurudi kwenye dawa yoyote, daktari atataka kuona kama miezi hii minne imeacha madoa mapya, na kwa baadhi ya dawa atahitaji kwanza vipimo vya damu, ikiwemo homa ya ini aina ya B.

Michango ya familia msiirudishe bado. MRI, dawa na mazoezi tiba vitaihitaji. Ripoti ya altrasaundi iwekeni tu ndani ya faili lake.